Ndama Aliyebaki Bila Alama

Siku hizi maziwa ya ngamia yanaingia Garissa kwa pikipiki, ndani ya madumu ya manjano, yakifika yameshapigwa jua na kushika harufu ya petroli. Nayanywa tu. Lakini kila nikiyanywa namkumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa jirani yangu wakati wa vita vya mashifta, na chombo chake cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, ambacho wenyewe wanakiita dhiil. Kila asubuhi alikifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kukamulia, na maziwa yakatoka na harufu ya moshi iliyokaa kooni mpaka adhuhuri. Mji ulikuwa mdogo. Mti wa miiba wa mathenge ulikuwa haujaja kuziba njia, na ukisimama mlangoni kwangu uliiona mikoma yote ya ukingo wa Tana mpaka pale mto unapopinda.

Mimi ni mtu wa mto, Mpokomo wa kule chini kwenye mpunga na ndizi. Shule nilikaa miaka miwili. Mengine nilijifunza kanisani, kwa kufuata maneno na kidole. Garissa nililetwa na ndoa, kwa sababu mume wangu alipata kazi ya kuangalia bomba la maji. Amekwisha kufa sasa, Mungu amlaze pema, na kila anayemtaja humtaja kwa upole wake. Ni kweli alikuwa mpole. Lakini wajukuu wake wakisikia hayo tu watadhani upole hauna ubaya wowote, na mimi niliuona ubaya wake kwa macho yangu. Ndiyo maana naandika.

Bomba lenyewe lilikuwa injini kuukuu iliyokaa kibandani karibu na mto, ikivuta maji na kuyamwaga kwenye birika refu la saruji. Zamani mifugo iliteremka mtoni yenyewe, na mamba wakachukua fungu lao. Vita vilipoanza askari walikataza watu kushuka ukingoni, wakisema vichaka vinaficha mashifta, wale waasi wa msituni. Basi mbuzi, ng'ombe na ngamia wote wa mji wakawa hawana pa kunywea ila pale birikani, kwa zamu, na mwenye kupanga zamu alikuwa mume wangu. Hakuna mnyama aliyekunywa Garissa asimjue. Angekuambia huyu ameumwa kupe sikioni, yule amezaa juzi, na huyu wa nyuma ni wa fulani na anapenda kupiga teke.

Wanawake wa Kisomali walimpenda kwa kumtania. Injini ilikuwa ikikohoa kila asubuhi kabla ya kuwaka.

"Mzee ya bomba!" jirani yangu alikuwa akimwita kutoka nyuma ya foleni. "Hii bomba yako inakohoa kushinda babu yangu. Na babu yangu amekufa."

"Mpe pole babu," naye anajibu, akifuta mafuta mikononi. "Maji yanakuja."

Na maji yalikuja, lakini hayakuja kwa zamu kila siku. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mtu mzito, mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa. Alifika saa yoyote aliyotaka, akawasukuma ng'ombe wake mbele, na mume wangu akatazama pembeni kama mtu aliyesikia kitu kwenye injini. Wajane na wenye mbuzi watatu wakarudi nyuma na kungoja juani. Nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Baba watoto, zamu si yake."

"Tusigombane na watu, mama watoto. Maji yatawatosha wote."

"Maji yanatosha. Zamu je?"

Akacheka, akanishika bega, akaenda zake. Alitaka kila mtu aondoke pale amefurahi. Mtu wa namna hiyo huishia kuwafurahisha wenye nguvu, kwa sababu wasio na nguvu hawapigi kelele wakikasirika.

Wakristo tulikuwa wachache. Wake wa polisi, makarani wawili watatu, dresa wa hospitali na familia yake. Kanisa letu lilikuwa la udongo, limeezekwa kwa majani ya mkoma, na mbuzi waliingia wakati wa sala kama wamebatizwa. Mchungaji alikuwa akija kila baada ya miezi kadhaa, na barabara zilipoanza kutegwa mabomu hakuja tena. Basi Jumapili aliyesimama mbele alikuwa mume wangu. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na nikikumbuka nyimbo zile tulizoimba milango ikiwa wazi, upepo wa mto ukiingia, bado moyo wangu unalainika. Sisemi kwamba siku zile zilikuwa mbaya. Zilikuwa siku zangu, na nilikuwa na nguvu za kubeba madebe mawili.

Sasa huyo jirani. Boma lake lilipakana na nyumba yetu, ukuta wa miiba tu katikati. Alikuwa mjane. Mali yake ilikuwa mbuzi kadhaa na ngamia jike mmoja, mweupe kama mchanga wa mtoni, ambaye baba yake alimpa siku alipoolewa. Kwao mnyama kama huyo hubaki na alama ya baba, haigeuzwi kuwa ya mume. Huyu alikuwa na mistari miwili na duara dogo shingoni, iliyochomwa kwa chuma, alama ya ukoo wa baba yake uliokaa mbali upande wa mashariki. Ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa na alama nyingine kabisa. Mtu wa hapa angeitazama ile alama akajua mara moja: huyu ni ngamia wa mwanamke aliyeolewa mbali na kwao.

Mtoto wangu wa kwanza alikua kwa maziwa ya ngamia yule. Niliugua homa baada ya kujifungua na maziwa yangu yakakatika. Jirani aliingia bila kubisha, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatoka. Akarudi na dhiil.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "wewe lala. Mtoto yako sasa iko na mama wawili, moja iko na nundu."

Nilicheka na homa yangu. Kwa miezi mitano alileta maziwa yale asubuhi na jioni. Nilipotaka kumpa mchele akachukua, nilipokosa mchele hakuuliza.

Mwaka wa tatu wa vita, ngamia yule alizaa. Ndama alikuwa jike, miguu mirefu isiyojua pa kwenda, na alikuwa bado hajachomwa alama kwa sababu hawachomi ndama akiwa mdogo hivyo. Ngamia hateremshi maziwa bila kumwona ndama wake. Kwa hiyo ndama alifungiwa bomani mchana, mama akaenda kula karibu na mji, na kila jioni jua likielekea kuzama alirudi mwenyewe akilia njiani, na ndama akamjibu kutoka ndani ya miiba. Sisi tuliweka saa yetu kwa sauti hizo mbili.

Jumanne moja lori la serikali lilishambuliwa kwenye barabara ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mjini. Watu walikufa. Mashifta walikimbia, wakamwacha nyuma ngamia wao wa mizigo aliyepigwa risasi, na shingoni mwake palikuwa na mistari miwili na duara dogo. Amri ikatoka: ngamia wote wenye alama ile wakamatwe.

Alhamisi asubuhi askari walipita mjini. Hawakuuliza ngamia ni wa nani wala mwenyewe aliolewa na nani. Walitazama shingo. Walimkuta ngamia wa jirani yangu akiwa njiani kwenda malishoni, wakamfunga kamba pamoja na wengine, wakawapeleka kwenye boma la miiba karibu na uwanja wa ndege. Ndama hawakumgusa. Hakuwa na alama.

Jirani alinijia akiwa bado ameshika dhiil mkononi. Hakulia. Alisema haraka haraka, nusu Kiswahili nusu Kisomali, kwamba amekwenda mpaka kwenye boma, sajini amemwambia ngamia watavushwa daraja Jumamosi asubuhi kupelekwa kuuzwa nchi ya juu, na wakishavuka hawarudi.

"Mimi nikasema, bwana, hii ngamia iko na mtoto nyumbani. Ngamia ya mashifta inaweza kulala nyumbani kila siku? Inaenda kupigana mchana, inarudi kunyonyesha jioni?"

"Sajini akasemaje?"

"Akacheka. Hata yeye alijua. Akasema, nenda ofisi."

Ofisini alikuwapo afisa kijana, mgeni, aliyetoka bara si muda mrefu. Nilimwona mara kadhaa. Hakuwa mtu mbaya, alisalimia watu, na alikuwa na woga wa mtu anayelala katika mji asiouelewa. Alimwambia jirani yangu kwamba hawezi kumwachia ngamia kwa neno lake tu. Lakini akija mtu mmoja anayeaminika na serikali, aseme kwamba Jumanne ile ngamia alikuwa hapa mjini, basi atatia sahihi.

"Nani?" nikauliza, na huku nalijua jibu.

"Bwana yako. Jumanne asubuhi yeye mwenyewe alimpa maji. Tena alimpiga kofi mgongoni, akasema toka, mama, na wengine wanywe."

Jioni ile mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Alikula polepole. Nje ndama alikuwa amesimama mlangoni pa boma lao, na jua lilipofika pale lilipozoea kufika alianza kulia, akanyamaza kusikiliza, akalia tena. Hakuna aliyemjibu.

"Ni kweli Jumanne ulimnywesha?" nikamuuliza.

"Kweli."

"Basi kesho useme."

"Mama watoto, unajua yule karani aliyehamishwa? Alisema neno moja tu kuwatetea watu hawa. Na yule fundi aliyepigwa? Mimi ni mtu wa maji. Nyumba hii ni ya serikali. Mtoto huyu..."

"Mtoto huyu amenyonya ngamia yule."

Akasukuma sahani. Kisha akasema, "Nitaona watakavyoniuliza." Nikajua hapo hapo kwamba hatasema.

Ijumaa asubuhi aliitwa. Mimi na jirani tulikaa barazani pa ofisi, kwenye sakafu, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya joto. Tulisikia kila kitu kama tumo ndani.

Afisa akamuuliza vizuri kabisa, "Wewe ndiye unayenywesha mifugo. Huyu ngamia mweupe wa huyu mama, unamjua?"

Nilisikia nzi.

"Ngamia ni wengi, bwana," mume wangu akasema.

"Jumanne alikuwa hapa?"

"Mimi ni mtu wa maji tu, bwana. Mambo ya ngamia siyajui sana."

"Hujui, au hakuwapo?"

"Siwezi kusema, bwana."

Afisa akavuta pumzi. Nadhani alikuwa akitaka asikie ndiyo, ili neno liwe la mtu mwingine na yeye atie sahihi bila lawama. "Basi mimi nitafanya nini?" akasema. "Amri ni ya alama. Mikono yangu imefungwa."

Sajini alisema ni amri, afisa akasema anataka shahidi, shahidi akasema hajui. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyemchukia yule mwanamke. Wote watatu wangefurahi kama angepata ngamia wake. Lakini kila mmoja alingoja mwenzake awe mwanamume.

Na mimi? Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa hatua tano kutoka dirishani. Nilikuwa nimemwona ngamia yule kila jioni ya wiki ile mpaka alipokamatwa, kwa macho yangu mawili. Lakini ningesimama niseme, ningemwita mume wangu mwongo mbele ya serikali, na nilikuwa nimelelewa nisifanye hivyo. Nikakaa chini. Jirani aligeuka akanitazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayesubiri umalizie sentensi yako. Sikumalizia. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akaondoka peke yake.

Jumamosi asubuhi ngamia walivushwa daraja. Sikwenda kutazama. Mume wangu aliwasha injini mapema kuliko kawaida, na injini ilikohoa bila mtu wa kuitania.

Ndama alilia siku nzima. Mchana nilichukua kanga yangu kuukuu, nikairarua vipande, nikapita pengo la miiba. Jirani alikuwa amekaa na sufuria ya maziwa ya mbuzi, akijaribu kumnywesha ndama kwa mkono, na maziwa yakimwagika. Nikasokota kitambaa, nikakichovya, nikamtia ndama mdomoni. Akakitema. Tukachovya tena. Mara ya nne au ya tano akakivuta. Tulikaa hivyo, mmoja anashika shingo na mwingine anachovya.

Ni yale matambara yaliyonikumbusha. Mama yangu, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, alikuwa akitusimulia habari ya nabii Yeremia aliyetupwa shimoni kwenye matope, na mtu mmoja Mkushi aliyemtoa kwa kamba, akamteremshia na nguo kuukuu azitie kwapani kamba isimkate. Sisi watoto tulipenda hayo matambara. Lakini jioni ile nilikaa na Biblia nikaitafuta habari yenyewe kwa kidole, jani kwa jani, na nilipoipata niliona mtu ambaye mama hakumtilia mkazo. Mfalme. Wakuu walikwenda kwa mfalme Sedekia wakataka kumwua nabii, na mfalme hakusema nabii ana hatia. Alisema yumo mikononi mwao, yeye mfalme hawezi kitu mbele yao. Mfalme mzima! Ana kiti, ana askari, ana nyumba, na anasema hawezi. Na si kwamba alimchukia Yeremia. Baadaye alimwita kwa siri kumwuliza mambo. Alimpenda, kama unaweza kuita kule ni kupenda.

Jumapili kanisani, ulipofika wakati wa kusoma, nilisimama.

"Leo nitasoma mimi," nikasema.

Mke wa dresa aliguna. Kila mtu alijua usomaji wangu. Nilianza, neno moja baada ya moja, nikikwama na kurudi nyuma, na jasho likinitoka. Ilichukua muda mrefu mno. Watoto walitoka nje wakarudi. Mbuzi aliingia akatoka. Mke wa polisi mmoja aliyekaa nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyo nabii atakufa shimoni kabla hatujamfikia." Watu wakacheka, hata mimi kidogo. Lakini nilipofika kwa mfalme, pale anaposema hawezi kitu, niliinua macho nikamtazama mume wangu aliyekuwa amekaa mbele. Nikakisoma kifungu kile tena, safari hii bila kukwama. Na wakati ule ule, maana kanisa halikuwa mbali na nyumbani, ndama akalia.

Nikamalizia mpaka nabii akatolewa. Nikakaa.

Mume wangu alitakiwa kusimama aeleze neno. Alisimama. "Leo sina la kuwaambia," akasema. "Tuombe." Akaomba kwa maneno machache kuliko siku zote, kisha akaenda kukaa kibandani kwa bomba peke yake mpaka saa ya kula.

Hatukugombana. Nilimwandalia chakula. Alipomaliza alisema, "Ulifanya hivyo mbele ya watu."

"Na wewe ulifanya mbele ya watu," nikamjibu.

Jumatatu asubuhi aliivaa shati yake nyeupe ya Jumapili na kwenda ofisini bila kuitwa. Aliyonieleza baadaye ni haya. Alimwambia afisa, "Bwana, Ijumaa nilisema uongo. Ngamia yule alikuwa hapa Jumanne. Nilimpa maji kwa mkono wangu. Kila jioni analala jirani na kitanda changu, ukuta wa miiba tu katikati." Afisa akaweka kalamu chini.

"Ungesema Ijumaa," akasema. "Wamekwisha kuvuka. Sasa nifanye nini?"

Aliandika barua kuwafuata. Haikujibiwa, au ilijibiwa na sisi hatukujua.

Na jambo hili ndilo lililomtesa mume wangu kuliko yote. Alingoja kuhamishwa, hakuhamishwa. Alingoja kupigwa, hakuna aliyemgusa. Afisa alimpa hata chai. Kile alichokiogopa mpaka akamtoa jirani yake sadaka hakikuwapo kabisa. Kama angesema ndiyo siku ya Ijumaa, angekunywa chai ile ile na ngamia angerudi nyumbani jioni. Sijui kama siku zote ingekuwa hivyo, maana wengine waliosema waliumia kweli. Lakini mtu hawezi kujua mpaka aseme, na neno la kweli halisubiri mpaka lisiwe na hatari.

Siku ile ile alipita pengo la miiba. Jirani alikuwa anasafisha dhiil ambayo haikuwa na cha kukamuliwa.

"Nilijua," mume wangu akamwambia. "Nikanyamaza."

"Na mimi nilijua kama unajua," akasema yeye. "Neno yako imekuja. Ngamia imeenda."

"Niambie nifanye nini."

Nilidhani atasema mpe mbuzi, mpe mchele. Akanyoosha kidole kwa ndama, aliyekuwa amelala na tambara langu bado limemning'inia mdomoni.

"Huyu ikikua tutachoma alama. Siku hiyo wewe utashika kichwa."

Alikua, kwa maziwa ya mbuzi na kwa ukaidi wake. Baada ya mvua kupita, mjomba mzee wa jirani alikuja na chuma chake. Vita vilikuwa bado havijaisha. Watu wengi walikuwa wameshasukumwa kuingia vijiji vya kulindwa na askari. Wanawake walikusanyika, na wote walimshauri jambo moja: aweke alama ya marehemu mumewe, au asiweke yoyote. Hata mimi nilimshauri hivyo.

"Alama ya baba yangu haikuua mtu," akasema. "Weka ileile."

Mume wangu akaja na shati yake ile nyeupe, maana alijiona anakwenda kwenye jambo la heshima. Walimkalisha ndama, wakamfunga magoti, naye akapiga magoti mchangani na kumkumbatia kichwa kwa mikono yote miwili. Chuma kilipogusa shingo ndama alinguruma na kumtapikia majani mabichi kifuani kote. Wanawake wakapiga vigelegele na kucheka.

"Hongera, mzee ya bomba!" jirani akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtania tangu Ijumaa ile. "Na wewe sasa umewekwa alama."

Nilifua shati ile mara nyingi. Rangi ya kijani haikutoka, na hakukubali niitupe; akaifanya shati ya kazini.

Askari walipita tena birikani kabla ya vita kwisha. Nilikuwapo, nimempelekea chai. Foleni ilikuwa ndefu, na yule mfanyabiashara mzito alikuwa ameshawasukuma ng'ombe wake mbele kama kawaida yake. Askari mmoja akazunguka akitazama shingo, akasimama mbele ya ngamia mchanga mweupe.

"Huyu ni wa nani?"

Watu wote wakatazama chini. Injini ilikuwa ikipiga kelele, na mume wangu angeweza kujifanya hakusikia, alikuwa bingwa wa jambo hilo. Akaizima. Kukawa kimya pale ambapo hapakuwahi kuwa kimya mchana.

"Ni wa huyu mama," akasema, na sauti yake ilitetemeka, sitaficha. "Alizaliwa nyuma ya nyumba yangu. Siku ya kuchomwa alama nilimshika kichwa mwenyewe. Ukitaka kumchukua, nichukue na mimi nikaeleze huko mnakompeleka."

Askari akamtazama, akaitazama ile shati yenye madoa ya kijani, akaenda kwa ngamia mwingine.

Mume wangu alibaki amesimama kando ya injini. Jirani yangu ndiye aliyemwita, kutoka kule nyuma alikokuwa akirudishwa siku zote.

"Haya, mzee ya bomba. Maji imekauka? Zamu ya nani?"

Akageuka, akawatazama ng'ombe wa yule mtu mzito waliokwisha kuinamisha vichwa birikani. Akaenda akamshika wa kwanza pembe, akamrudisha nyuma. Yule mtu akapaza sauti, akamwita majina. Mume wangu akasubiri amalize.

"Zamu ni ya huyu mama," akasema, akaenda kuwasha injini.